Magodauni ya Iyunga yafunguliwe kabla hayajaishia kwenye mizani ya chuma chakavu

Mhariri, salaam.

Naandika nikiwa hapa karakana kwangu Ilomba, jijini Mbeya, mikono bado ina grisi, maana nimeona nikisema nisubiri nipate muda wa kukaa mezani sitaandika kabisa, na hili jambo wiki ya tatu sasa limenikaa kooni. Ilikuwa Jumanne, nimetoka kufuata vyuma Iyunga na bodaboda, tukapita nyuma ya kile kiwanda alichofanyia kazi mzee wangu, jina nitaliacha maana wenyewe wamebadilika mara nyingi na sijaandika ili nigombane na mtu, nikakuta geti ambalo tangu nasoma shule ya msingi limefungwa siku hiyo liko wazi kabisa, ndani fuso mbili na vijana wanakata mashine kwa gesi.

Nikamwambia dereva simama. Nikaingia, nikasalimia, wakanijibu vizuri tu, vijana wapo kazini. Sasa pale katikati ya godauni ndo nikaiona mashine ya kukereza ya mzee. Nimeijua kwa kulabu. Mzee wangu alikuwa amechomelea kulabu ndogo ubavuni mwa ile mashine ya kutundikia koti, kwa sababu Iyunga asubuhi baridi inakata na mchana joto la mashine halivumiliki na koti, na mimi nilikuwa natumwa na mama kumpelekea chakula siku za Jumamosi kwa hiyo ile kulabu naifahamu. Nikauliza bei. Nikaambiwa mzigo wote umeshauzwa kwa kilo, unakwenda Dar kuyeyushwa. Nikasema basi niuzieni hii moja nzima, nitawapa bei juu ya hiyo ya kilo, wakanionyesha upande wa pili, kitanda cha mashine kilikuwa kimeshakatwa vipande viwili. Nilichopata ni chaki, ile sehemu inayokamata chuma wakati kinazunguka, nikailipia kwa uzito kama bati bovu, nikaibeba kwenye bodaboda mpaka Nzovwe kwa mzee.

Mzee aliishika, akaifuta na kitenge cha mama, akajaribu taya zake kama zinafungua, zikafungua. Hakusema neno muda mrefu. Halafu akaniuliza, na zile nyingine mbili zilizokuwa upande wa dirishani?

Mhariri, hicho ndicho kimenifanya niandike. Sisi Mbeya tunaongea sana siku hizi kuhusu maendeleo ya jiji, barabara ya njia nne ile ya kilomita 29 kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, uwanja wa ndege wa Songwe, reli ya TAZARA kufufuliwa, na yote ni mambo mema mimi nayafurahia kabisa. Lakini katika hayo maongezi yote sijasikia mtu anauliza yale majengo ya viwanda yaliyolala Iyunga na Mbalizi na kwingine yatafanyiwa nini, na vilivyomo ndani, na wazee waliokuwa wanaviendesha. Ninachoomba ni kimoja, yafunguliwe yapangishwe kwa mafundi na wajasiriamali vipande vipande sasa hivi, kabla hayajaisha.

Watu wanadhani jiji la viwanda likishakufa limekufa. Sio kweli, na sisi watu wa Mbeya tungetakiwa kulijua hilo kuliko wengine, maana mji wetu huu umeshabadilisha kazi mara nyingi. Wazee wanasema hata jina lenyewe linatokana na neno la Kisafwa la chumvi, ibeya, kwa sababu watu walikuwa wanakuja kubadilishana chumvi huku. Halafu ikaja dhahabu ya Lupa, huko upande wa Chunya, ndo mji ukajengwa mwaka 1927 kule juu chini ya mlima Loleza, na miaka ya 1930 Chunya ilikuwa imejaa watu wa kila aina wakichimba. Dhahabu ikapungua, Chunya ikabaki kimya miaka na miaka, sisi tukiwa wadogo mtu akisema anaenda Chunya tulikuwa tunamhurumia, na leo nenda kaangalie, soko la madini lilifunguliwa 2019, magari yamejaa, mafundi wangu wawili wameniacha wamekwenda kule kutengeneza makarasha ya kusagia mawe. Yaani mji ambao ulishaonekana umekwisha umeamka, kwa sababu mashimo yalikuwepo na ujuzi wa kuchimba ulikuwa haujapotea wote.

Halafu reli. Mzee wangu alianza kibarua kwenye reli na Wachina mwaka 1973 wakati inapita huku kuelekea Tunduma, kijana wa miaka ishirini na mitano. Anasema alishika spana kwa mara ya kwanza pale. Reli yenyewe ilikabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, na kwa sababu ya ile reli, pamoja na barabara kuu ya Zambia, ndo viwanda vikasogea Iyunga na Mbalizi na Songwe. Watu wa umri wangu tunavikumbuka, Zana za Kilimo, Mbeyatex, saruji ya Songwe, kiwanda cha nyama cha Mbalizi. Saruji ipo mpaka leo, na bia na soda zinatengenezwa Iyunga, kwa hiyo asije mtu akasema Mbeya haina viwanda. Lakini vile vya kutengeneza zana na nguo, vile vilivyokuwa vinafundisha watu mikono, vingi vilianguka miaka ya 1980 na 1990. Sababu zake zinajulikana, fedha za kigeni za kununulia vipuri ziliisha, umeme wa kukatika, uendeshaji mbovu, halafu milango ya biashara ikafunguliwa mara moja mitumba na majembe ya nje yakamwagika, halafu ubinafsishaji, mtu anachukua kiwanda anakigeuza stoo. Serikali ya awamu ya tano iliwabana waliochukua viwanda wakaviacha, kelele zilikuwa nyingi, vingine vilirudishwa, lakini kurudishiwa jengo tupu lenye mashine za miaka arobaini sio kufufua kiwanda.

Mimi nilikuwa darasa la sita mzee alipoletewa barua. Kiinua mgongo kilichopatikana kilinunua mabati ya nyumba na baiskeli moja. Alichofanya, alianza kuchonga na kutengeneza vipuri vya mashine za kusaga hapo hapo barazani Nzovwe, kwa msumeno wa mkono na tupa, kitu ambacho kwa mashine angekifanya nusu saa yeye alikuwa anakifanya siku mbili. Mimi nikitoka shule nashika upande mmoja yeye anashika upande mwingine. Wenzake wa shifti moja, mmoja alirudi Kyela kulima mpunga na kokoa, mmoja akawa anauza mitumba Mwanjelwa (nguo zile zile zilizowaondoa kazini majirani zake), mmoja alifungua gereji Sae na ndo kawafundisha nusu ya mafundi wa matela unaowaona barabarani leo. Na mimi hapa nina vijana sita, tunatengeneza mashine za kupukuchua mahindi, za kukamua alizeti, matoroli, mageti, na kila nilichonacho kwenye hii mikono kimetoka kwenye kile kiwanda kilichokufa. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema viwanda vya zamani havikuacha kitu naumia, viliacha mafundi. Walitawanyika tu, hakuna aliyewakusanya.

Sasa niseme la binti yangu, maana yeye ndo kanifungua macho. Anasoma usanifu majengo pale MUST Ikuti, chuo kikuu chetu cha sayansi na teknolojia, na mwaka jana walipewa kazi ya darasa kuhusu miji ya viwanda ya nje ilivyobadilika, akawa jioni anakuja na laptop tunasoma wote, mimi namuuliza yeye ananitafsiria. Nikajikuta mimi ndo namwambia usifunge bado.

Alianza na Manchester, Uingereza. Hao ndo walikuwa wakubwa wa pamba duniani, na mwaka 1830 ilifunguliwa reli ya abiria kati yao na Liverpool, reli ya kwanza duniani ya kuunganisha miji miwili kwa treni za mvuke. Pamba ikafa. Ile stesheni yao ya kwanza ikafungwa kabisa 1975, na ilikuwa na godauni la tangu 1830. Hawakulibomoa, 1983 wakalifanya makumbusho ya mashine na sayansi, watoto wa shule wanakwenda wanaona injini. Bandari yao ya pale Salford ilifungwa 1982, ikakaa ikajengwa polepole, mpaka 2011 BBC ikahamishia idara zake kadhaa pale. Hesabu mwenyewe miaka hapo, ni karibu thelathini. Binti akaniambia baba unaona, jambo la kizazi kizima hili, sio la kipindi kimoja cha udiwani.

Lakini iliyonishika zaidi ni Ujerumani, ule ukanda wao wa makaa ya mawe na chuma unaoitwa Ruhr. Essen kulikuwa na mgodi wa makaa ya mawe, Zollverein, ambao ulifungwa Desemba 1986. Serikali ya jimbo ikaununua na kuulinda kisheria, usikatwe kwa kilo. Mwaka 2001 UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia, mgodi, Mhariri, sio kasri la mfalme! Leo kuna makumbusho ndani ya jengo walilokuwa wanaoshea makaa, kuna ofisi za wabunifu, kuna chuo, na wachimbaji wa zamani wenyewe wanatembeza wageni wakiwaeleza kazi ilivyokuwa. Na Duisburg, sio mbali na hapo, kiwanda cha chuma kilifungwa 1985, wakafanya bustani ya watu wote, tanuru limeachwa limesimama unapanda mpaka juu unaona mji, na lile tangi kubwa la gesi wakalijaza maji watu wanajifunza kupiga mbizi ndani. Nilipoona picha nilinyamaza kidogo. Mimi sihitaji tangi la kupiga mbizi Iyunga, sisi tuna shida nyingine, lakini nilielewa kwamba wale watu waliangalia kitu kile kile tunachokiona sisi, kutu na majani yameota, wakauliza hiki kinaweza kufanya kazi gani nyingine.

Na hawakudanganyana kwamba uchafu haupo. Ule mto wao Emscher ulikuwa mfereji wa maji taka wa viwanda na majumbani kwa zaidi ya miaka mia moja, wakaanza kuutengeneza 1992, wakamaliza kuutoa maji taka mwisho wa 2021. Nilifikiria mto wetu Nzovwe hapo nyumbani, ambao mimi niliogelea utotoni na mwanangu hawezi. Na magodauni yetu mengine yana mapaa ya asbestosi ambayo sio ya kuchezea, mtu akiingia na nyundo anajiua mwenyewe mapafu na wanae. Kwa hiyo nikisema yafunguliwe simaanishi tuvamie kesho asubuhi, yakaguliwe kwanza, lililo salama lifunguliwe, la hatari litengenezwe na wanaojua.

Ya Detroit, Marekani, nayo lazima niiseme, maana ile inatuhusu kabisa. Mji wa magari ule. Mwaka 1950 ulikuwa na watu kama 1,850,000, sensa ya 2020 wakabaki 639,111. Mji ulifilisika rasmi mwaka 2013. Walikuwa na stesheni kubwa ya treni iliyofunguliwa 1913, treni ya mwisho iliondoka 1988, ikabaki gofu, watu wakaingia wakang'oa nyaya, mabomba, marumaru, kila kinachouzika. Sasa 2018 kampuni ya Ford ikanunua lile gofu, ikatangaza itatengeneza, na baada tu ya kutangaza mtu mmoja asiyejitaja akapiga simu akasema mimi niliichukua saa ya stesheni zaidi ya miaka ishirini iliyopita, naupenda mji huu, naomba niirudishe. Wakaenda alipowaelekeza wakaikuta saa imeegemezwa kwenye jengo lililoungua. Stesheni ikafunguliwa tena Juni 2024. Hiyo habari nilimsimulia mzee na ile chaki iko mbele yake mezani, akasema basi na sisi tuiweke hii, siku moja wataiulizia.

Nayo Pittsburgh, huko huko Marekani, mji wa chuma ulioanguka miaka ya 1980, ulishikiliwa na vyuo na hospitali. Kimoja cha vyuo hivyo kilianza 1900 kama shule ya ufundi ya watoto wa wafanyakazi, na 1979 wakaanzisha idara ya roboti. Sisi MUST yetu ilianza 1986 kama chuo cha ufundi sanifu, Mbeya Tekiniko tulikuwa tunaita, leo ni chuo kikuu kamili. Kiko jirani kabisa na magodauni ninayoyasema. Wanafunzi wanatafuta sehemu za mafunzo kwa vitendo mpaka Dar, wengine wanakuja kwangu hapa chini ya turubai nawapokea wanne tu sina nafasi, na hapo jirani na chuo kuna paa la mita mia limefunika hewa.

Nafasi, Mhariri. Hapo ndo penye shida yote. Wasomaji wasio mafundi huenda hawajui, mtu kama mimi hakwamishwi na akili wala na soko. Mwaka juzi nilipata oda ya mashine za alizeti ishirini kutoka kwa vikundi vya wakulima huko Songwe, niliweza kufanya nane, kwa sababu karakana yangu ni mita sita kwa kumi, mvua ikinyesha tunazima kuchomelea, umeme wa fezi tatu kuuvuta mpaka kwangu ni gharama ya kununua kiwanja, na kunyanyua chuma kizito tunatumia kamba na mabega ya vijana. Kwenye lile godauni la mzee kuna kreni ya juu inayotembea kwenye reli zake ukutani, ipo mpaka leo, niliiona siku ile. Laini ya umeme mkubwa inapita nje. Sakafu ni zege nene ya kubeba mashine. Hivyo vitu leo kuvijenga upya ni mabilioni, na vimekaa bure miaka yote ambayo mimi nimekuwa mtu mzima. Niliwahi kwenda kuulizia nipangishe kona moja tu, kona, na wenzangu watatu tungechangia. Nikaambiwa eneo halipangishwi. Nikauliza linafanyiwa nini, nikaambiwa linasubiri mwekezaji.

Sasa sipingi mwekezaji. Ila mwekezaji anayesubiriwa tangu nasoma shule ya msingi mpaka nina mtoto chuo kikuu, na wakati tunamsubiri mashine zinaondoka kwa kilo, akija atakuta nini? Atakuta kiwanja. Na kiwanja Iyunga sasa hivi na hii barabara inayopanuliwa kina bei, kwa hiyo hofu yangu, naisema wazi, ni kwamba magodauni yatavunjwa patajengwa sheli na ukumbi wa harusi na fremu za maduka, na hapo jiji letu litakuwa limepoteza sehemu pekee ambayo mafundi mia mbili wangeweza kufanya kazi chini ya paa moja wakiazimana mashine. Sheli zipo za kutosha kuanzia Uyole mpaka Mbalizi jamani.

Na TAZARA ikiamka kweli hii sehemu itakuwa dhahabu. Miaka ya mwanzo ile reli ilikuwa inabeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, ikaporomoka mpaka 2014/15 haikufika hata tani laki moja. Septemba 2024 kule Beijing serikali zetu, sisi na Zambia na China, zilisaini makubaliano ya kuifufua. Nafuatilia hizo habari kama mtu anafuatilia mpira. Maana parachichi za Rungwe na Njombe leo zinapanda malori mpaka Dar, kokoa ya Kyela malori, viazi malori, mbao za Mufindi malori, na barabara ile ya kushuka milima tunaijua inavyotuulia watu. Stesheni ya Mbeya iko pale pale Iyunga. Ukitoa ukuta mmoja wa godauni ukaweka vyumba vya baridi, tunda linachaguliwa, linafungashwa, linaingia kwenye behewa hatua mia tatu. Boksi za kufungashia zitengenezwe jirani. Mashine za kuchambua tutazitengeneza sisi, nimeshaiangalia ile ya kupanga parachichi kwa uzito, sio uchawi, ni vikombe na mizani na mnyororo.

Mtu atasema hayo ni ya Wazungu wana hela. Twende Iringa basi. Ile boma ya Wajerumani pale mjini, imejengwa kama hospitali enzi za ukoloni, ikawa ofisi za serikali miaka mingi, leo ni makumbusho ya mkoa tangu 2016, Chuo Kikuu cha Iringa ndo walisimamia, imetengenezwa vizuri mno, ndani kuna mkahawa na duka la kazi za mikono, watu wameajiriwa. Hawakubomoa. Na hapa hapa kwetu, soko la Mwanjelwa liliungua 2006, wafanyabiashara wakahamia eneo la SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, SIDO nayo ikaungua 2011, ikaungua tena 2017, na kila mara ndani ya siku chache watu walikuwa wameshaanza kupiga misumari. Mimi nilikuwepo 2017, tulichomelea fremu za vibanda usiku kucha kwa kukopeshana. Watu wenye moyo huo unawaambia wasubiri mwekezaji wa nini? Wape paa.

Kuna kitu kimoja cha hao wa nje sitaki tukiige. Binti alinionyesha sehemu nyingine za Manchester, magodauni ya pamba yamekuwa maghorofa ya kuishi wenye kipato, kodi imepanda, watoto wa waliokuwa wafanyakazi hawawezi kupanga mtaa walikozaliwa. Ikifanyika hapa, wa kwanza kuondolewa ni mimi na fundi viatu na mama anayeuza chai na vitumbua pale getini. Kwa hiyo kodi ya hayo magodauni iwe ya mita, mtu apange mita ishirini au mia kulingana na mfuko wake, mkataba uwe wa miaka sio wa mwezi mwezi, maana hakuna benki inayokopesha fundi mwenye mkataba wa mwezi mmoja, na mafundi wa Jiji waliopo wapewe nafasi kwanza. Jiji lilikuwa na watu 385,279 sensa ya 2012, ile ya 2022 tukawa 541,603. Hao laki na nusu walioongezeka wengi ni vijana, na nusu yao nawaona hapa barabarani kwenye bajaji na boda. Sio kwamba bajaji sio kazi, ni kazi, ila sio wote.

Na kabla ya kodi na mikataba yote hiyo kuna kazi ya wiki mbili tu ambayo haina gharama kubwa. Halmashauri ya Jiji, ofisi ya Msajili wa Hazina kwa yale yaliyo ya serikali, wenye mali kwa yale yaliyouzwa, na chuo chetu, wakae, watoe vijana wa MUST na madaftari, waingie kila godauni, waandike kuna mashine gani, inafaa au haifai, paa likoje, umeme ukoje. Na wakati orodha hiyo inaandikwa kusikatwe kitu. Vijana wale wataona kutu, hawatajua hii ilikuwa inachonga nini na ile ilikuwa inapinda nini, kwa hiyo waende na wazee. Wazee wa shifti zile wamebaki wachache. Mwaka jana peke yake nimezika wawili Nzovwe, mmoja alikuwa anajua kumwaga chuma kwenye kalibu za mchanga, hakuna aliyejifunza kwake, hata mimi sikuwahi.

Mzee wangu yupo. Magoti yamekataa lakini kichwa kiko sawa, juzi alinichorea nyuma ya kalenda mpangilio wa mashine zote za ukumbi wao, kumi na tisa, na namba zake, na ipi ilikuwa inasumbua mafuta. Kati ya hizo mimi siku ile nimehesabu zilizobaki saba. Mimi nitamleta na bajaji siku yoyote nitakayoambiwa, asubuhi saa tatu ndo anakuwa vizuri, na ile kalenda nitaibeba.

Fundi wa vyuma,
Ilomba, Mbeya